Kigali: Simu yawa droo ya duka, mpakani hesabu bado ngumu

KIGALI – Mfanyabiashara au dereva wa lori anayefika hapa kwa mara ya kwanza, akitokea Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, huona jambo moja mapema, hata kabla hajapata chumba cha kulala. Kwenye vibanda vingi, kuanzia wauza maji wa stendi ya Nyabugogo mpaka wauza mboga wa soko la Kimironko, kumebandikwa karatasi au kibao chenye tarakimu chache. Hiyo ndiyo namba ya malipo ya muuzaji. Mteja hubonyeza *182*8*1#, huingiza namba hiyo na kiasi anachodaiwa, huweka namba yake ya siri, na muuzaji hupokea ujumbe mfupi. Hakuna noti iliyotoka mfukoni na hakuna aliyetumwa duka la jirani kutafuta chenji.

Si kila kitu kipya kilicholetwa Kigali kwa njia ya simu kilifika mbali hivyo. Kwa takriban miaka 20 sasa mji huu umekuwa uwanja wa majaribio: huduma za malipo, mashine za risiti, kadi za basi, mita za pikipiki, bei za mazao kwa ujumbe mfupi. Baadhi zimekuwa sehemu ya biashara ya kila siku. Nyingine zilizinduliwa kwa shangwe, zikawagharimu watu muda na fedha, kisha zikasahaulika. Kwa wale wanaopenda kuwa wa kwanza kujaribu kitu kipya, na Kigali wako wengi, swali ni la fedha tu: je, kitu hicho kitamwongezea mtu faida, au kitamfanya agharamie majaribio ya mwingine?

Ukifuatilia zilizodumu na zilizokufa, jibu linajitokeza. Iliyodumu ni ile iliyoondoa gharama ambayo mfanyabiashara alikuwa akiilipa tayari, iwe ni nauli, muda wa foleni, chenji au hatari ya kutembea na fedha taslimu, na ada yake ikawa chini ya gharama hiyo. Iliyokufa ni ile iliyoleta faida kwa mtu mmoja huku ada ikikatwa kwa mwingine.

Kutoka Tuvugane hadi MoMo

Katikati ya miaka ya 2000, mitaa ya Kigali ilikuwa na vijana waliovaa njano, wamebeba simu iliyofanana na ya mezani, wakiuza muda wa kupiga. Huduma hiyo ya MTN iliitwa Tuvugane, yaani "tuzungumze". Mteja hakuhitaji kuwa na simu wala laini. Alilipa dakika alizotumia na kwenda zake, na kijana alibaki na kamisheni. Simu za mkononi ziliposhuka bei, kazi ile ilipungua. Lakini ilikuwa imeshawafundisha watu wa mjini kwamba mtu aliyesimama pembeni mwa barabara anaweza kuwa wakala wa kampuni kubwa ya simu, na fundisho hilo lilikuja kutumika.

M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007. MTN Rwanda ilianzisha huduma yake ya Mobile Money Februari 2010, na Tigo ikafuata mwaka 2011. Mawakala wengi walikuwa watu wa aina ile ile waliokuwa wakiuza vocha na muda wa kupiga, sasa wakiwa chini ya mwavuli wa njano na daftari la kuandikia miamala.

Hata hivyo, kwa mwenye duka huduma hii haikuwa na msaada mkubwa mwanzoni. Ilikuwa njia ya kutuma fedha kwa mama kijijini. Mwenye duka aliyepokea malipo kwa simu alilazimika kwenda kwa wakala kuzitoa na kukatwa ada, kwa sababu msambazaji wake wa bidhaa alitaka noti. Wachumi hulifahamu tatizo hili: chombo cha malipo kina thamani kwa mtu mmoja pale tu watu anaowalipa nao wanapokikubali. Muuza rejareja hawezi kupokea simu ikiwa muuza jumla hapokei, na muuza jumla hana haraka ikiwa wateja wake wote wanakuja na noti. Hali hiyo iliendelea kwa miaka kadhaa, na matangazo ya redioni hayakuibadilisha.

Wakati huo huo serikali ilikuwa na mradi wa e-Soko, uliowawezesha wakulima na wachuuzi kupata bei za mazao katika masoko mbalimbali kwa ujumbe mfupi. Nia ilikuwa njema. Lakini mchuuzi wa viazi wa Nyabugogo, ambaye kila alfajiri hupiga simu kwa wenzake wanne wa Musanze, hupata bei pamoja na habari ambazo ujumbe haukuwa nazo: gari lipo au halipo, viazi vimelowa au vikavu, na nani anakopesha. Bei bila gari haimfikishi mtu sokoni.

Machi 2020

Kilichoivunja hali hiyo hakikuwa teknolojia mpya. Machi 2020, Rwanda ilipofunga shughuli kwa sababu ya korona, Benki Kuu ya Rwanda (BNR) ilitangaza kuondoa kwa miezi mitatu ada zote za kutuma fedha kwa simu, pamoja na ada za kuhamisha fedha kati ya akaunti ya benki na simu. Kiwango cha juu cha kutuma kwa mteja wa kawaida kilipandishwa kutoka faranga 500,000 hadi 1,500,000, na kwa mteja wa daraja la pili kutoka milioni 1 hadi milioni 4.

Katika wiki moja baada ya watu kufungiwa ndani, idadi ya miamala ya kutumiana fedha iliongezeka mara mbili na kufikia takriban milioni 3 kwa wiki. Mwisho wa Aprili, fedha zilizokuwa zikitumwa kila wiki zilifikia faranga bilioni 40, kiasi cha mara tano ya ilivyokuwa kabla ya ugonjwa. Simu zilikuwa zile zile na laini zile zile. Kilichobadilika ni bei. Kwa miaka 10 wataalamu walikuwa wakisema watu wa kawaida "hawajaelimika" kuhusu huduma za kifedha, kumbe walikuwa wakipiga hesabu sawasawa.

Ada zilirudi kwa kiasi fulani baada ya miezi mitatu hiyo, na kukawa na manung'uniko, lakini mzunguko ulikuwa umekwisha kuanza. Msambazaji alikuwa amezoea kupokea kwa simu, na mwenye duka hakuwa na sababu tena ya kuzitoa fedha kwa wakala kila jioni. Mwaka 2022 ulikuja mfumo wa eKash, unaounganisha mitandao ya simu na taasisi za fedha ili mteja wa mtandao mmoja amtumie wa mwingine bila kuzunguka.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa simu za kisasa hulisahau. Malipo haya yamejengwa juu ya menyu ya nyota na reli, inayofanya kazi kwenye simu ya tochi ya bei ndogo kabisa, bila intaneti. Kampuni ya Kasha, iliyoanza Kigali mwaka 2016 ikiuza bidhaa za afya na urembo za wanawake, iliruhusu wateja kuagiza kwa menyu hiyo hiyo, na baadaye ikavuka kwenda Kenya. Jumia, yenye mtaji mkubwa kupita kiasi ukilinganisha nayo, ilifunga huduma yake ya chakula nchini Rwanda Januari 2020, muda mfupi baada ya kuondoka Tanzania. Sababu za Jumia zilikuwa nyingi na hazikuwa za Rwanda peke yake. Lakini mfanyabiashara anayetaka kuwauzia watu wa Nyamirambo au Gisozi na anafikiria kumlipa kijana amtengenezee programu ya simu janja afadhali ajiulize kwanza ni wateja wake wangapi wana simu hizo. Na bei ya simu hizo haielekei kushuka: Februari 2025 baraza la mawaziri liliidhinisha kurudisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye simu za mkononi, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zimesamehewa.

Mashine ya risiti: rafiki au askari?

Kifaa kilichozua ubishi mrefu zaidi madukani ni mashine ya risiti ya kielektroniki, maarufu kwa herufi EBM. Mamlaka ya Mapato ya Rwanda (RRA) iliileta mwaka 2013 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa katika VAT, ambayo ni asilimia 18. Wakati huo ilikuwa kifaa cha kununuliwa, kinachotuma taarifa za kila mauzo kwenye kompyuta za mamlaka. Baadaye ikawa programu inayowekwa kwenye kompyuta, na kisha ikafika kwenye simu, na tangu 2020 wajibu wa kuitumia ukapanuliwa hadi kwa wasiosajiliwa katika VAT.

Malalamiko ya wafanyabiashara yanaeleweka. Mtu anayenunua mzigo kwa mkulima asiye na risiti, akauza kwa risiti, huonekana mbele ya mamlaka kama aliyepata faida kubwa kuliko aliyoipata kweli. Sheria ya taratibu za kodi ya 2019 iliweka faini ya mara 10 ya VAT iliyokwepwa kwa asiyetoa risiti, na mara 20 akirudia. Kwa duka la vitenge lenye mauzo ya faranga 118,000 yaliyopita bila risiti, VAT ndani yake ni 18,000 na faini yake kwa sheria hiyo ni 180,000. Hakuna faida ya kitenge inayobeba hiyo.

Upande wa pili unasemwa kwa sauti ndogo, lakini upo. Mwenye duka ndogo asiye na kumbukumbu yoyote hawezi kumbishia ofisa anayekadiria mauzo yake kwa macho. Kwa mujibu wa sheria ya Rwanda, biashara yenye mauzo ya faranga milioni 2 hadi 4 kwa mwaka hulipa kodi ya mapato ya jumla ya 60,000, ya milioni 4 hadi 7 hulipa 120,000, ya milioni 7 hadi 10 hulipa 210,000, na ya milioni 10 hadi 12 hulipa 300,000. Kuanzia hapo hadi milioni 20 ni asilimia 3 ya mauzo. Tofauti ya daraja moja na jingine kwa muuza nguo wa Nyarugenge ni kodi ya pango ya mwezi mzima au zaidi. Mwenye kumbukumbu zilizopangwa anajua yuko daraja gani kabla hajaambiwa.

Tangu 2024 RRA imemwingiza mnunuzi katika hesabu hiyo. Mlaji wa mwisho aliyejisajili na kutoa namba yake ya simu wakati wa kununua hurudishiwa asilimia 10 ya VAT iliyo kwenye risiti. Ni fedha kidogo, ila mamlaka imepata maelfu ya wakaguzi bila kuwalipa mshahara, na muuzaji aliyezoea kusema "mashine imeharibika, mama, rudi kesho" sasa ana mteja asiyekubali kuondoka.

Kwa mfanyabiashara wa nje anayenunua Kigali, ankara ya EBM ina kazi ya ziada. Ni karatasi inayosaidia kuthibitisha thamani ya mzigo mpakani, na inapunguza mabishano ya bei kati yake na ofisa wa forodha. Anayekubali punguzo la bei kwa sharti la kutopewa risiti ajue kwamba deni la punguzo hilo huenda akalilipa Rusumo.

Mita iliyokataliwa

Kama kuna jaribio moja ambalo kila mpenda teknolojia angepaswa kulisoma kabla ya kufungua mfuko wake, ni la mita za pikipiki.

Kigali ina maelfu ya motari, kama wanavyoitwa waendesha pikipiki za abiria. Bei ilikuwa ya mapatano. Mgeni alilipa zaidi, na mwenyeji alipoteza dakika mbili akibishana. Makampuni kadhaa yaliona nafasi hapo. SafeMotos ilikuwa mojawapo ya za mwanzo, ikiunganisha abiria na motari kwa programu ya simu na kufuatilia jinsi motari anavyoendesha. Baadaye ilibadili jina na kuwa CanGo, ikahamishia nguvu zake Kongo. Kisha mamlaka ya udhibiti, RURA, ikachukua njia ya kuagiza: pikipiki zote za abiria ziwe na mita inayopima umbali na kupokea malipo bila noti. Agizo hilo lilianza kutekelezwa mwaka 2020, wakati ule ule ambapo malipo ya simu yalikuwa yakipaa.

Mtu angetegemea vitu hivyo viwili vipae pamoja. Haikuwa hivyo. Motari alikatwa kwenye kila safari ili kulipia mita. Alikuwa tayari analipa bima ambayo gharama yake ilikuwa imepanda, michango ya ushirika, na faini za barabarani, na asipowasha mita aliongezewa faini nyingine. Abiria ndiye aliyepata bei iliyo wazi, mdhibiti akapata takwimu, na kampuni ikapata makato. Motari, ambaye ndiye aliyetakiwa kuubeba mfumo wote juu ya pikipiki yake, alipata kipato kilichopungua. Na kwa kuwa bei ilikuwa imepangwa, hakuweza kuyahamishia makato kwa abiria.

Tarehe 13 Januari 2022 motari walisimamisha pikipiki na kuandamana katika mitaa ya Kigali, jambo lisilo la kawaida katika mji huu. Mwezi Novemba mwaka huo huo, baada ya mashauriano yaliyofikia ofisi ya waziri mkuu, mita iliacha kuwa sharti, na vyama vya ushirika vya motari vya Kigali vikapunguzwa kutoka 41 hadi 5. Motari hao hao, siku ile ile, waliendelea kupokea nauli kwa simu. Hawakuwa wameikataa teknolojia.

Ulinganisho mzuri ni kadi ya Tap&Go, iliyoingia kwenye mabasi ya Kigali mwishoni mwa 2015 kupitia kampuni ya AC Group. Abiria aligusisha kadi mlangoni, nauli ikakatwa. Huyu naye hakuulizwa, lakini mwenye basi, ambaye ndiye aliyeuhitaji mfumo huo, alipata kujua jioni ni nauli kiasi gani iliyoingia bila kutegemea maneno ya mtu. Gharama na faida viliangukia mfuko mmoja, na kadi ikazoeleka.

Mpakani

Hadi hapa ni habari za ndani ya Rwanda. Kwa wasomaji wengi wa biashara ya mipakani, ugumu huanzia pale simu inapovuka mto.

Upande wa mizigo, mashine zimepiga hatua kuliko fedha. Rwanda ilianza mfumo wa dirisha moja la forodha kwa kompyuta mwaka 2012. Kituo cha pamoja cha Rusumo kwenye mpaka wa Tanzania, chenye daraja jipya juu ya mto Kagera, kilizinduliwa rasmi 2016, na mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kufuatilia malori ya mizigo ya mpito kwa lakiri moja ya kielektroniki badala ya kila nchi kufunga yake. Mapema zaidi, Oktoba 2014, nchi hizo hizo tatu zilipunguza bei ya kupiga simu kuvuka mipaka na kuondoa ada ya kupokea kwa msafiri. Tanzania haikuwemo wakati huo, na ndiyo maana dereva wa barabara ya kati alizoea kubeba laini mbili au tatu kwenye pochi.

Fedha zilianza vizuri. Februari 2014 Tigo iliunganisha wateja wake wa Tanzania na wa Rwanda, na shilingi ikageuka faranga papo hapo ndani ya simu. Ilikuwa miongoni mwa huduma za kwanza za aina hiyo duniani. Aprili 2015 Vodafone na MTN zikatangaza kuunganisha M-Pesa ya nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwemo, na Mobile Money ya Rwanda, Uganda na Zambia.

Lakini daraja hilo la kwanza lisomwe kwa makini. Mwaka 2018 Tigo ya Rwanda ilichukuliwa na Airtel. Tigo ya Tanzania iliuzwa na wenyewe mwaka 2022, na Novemba 2024 ikabadili jina kuwa Yas. Ncha zote mbili zilibadilisha mwenyewe ndani ya miaka 10. Huduma ya kuvuka mpaka ni mkataba kati ya makampuni, na mkataba una mwisho. Mfanyabiashara aliyejenga utaratibu wake wote juu ya njia moja hubaki njiani siku mkataba unapobadilika.

Gharama nayo haiko pale inapotangazwa. Ada ya kutuma huonekana kwenye menyu, na watu huilinganisha. Kubwa zaidi hujificha kwenye kiwango cha kubadilisha fedha. Tuchukulie mnunuzi wa Kigali anamtumia muuzaji wa Kenya faranga 500,000, na ada ya kutuma ni 3,000. Tuchukulie pia kwamba siku hiyo duka la kubadilisha fedha mjini linauza shilingi moja ya Kenya kwa faranga 11, na mtandao wa simu unahesabu 11.4. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini mpangilio wake ni wa kweli. Kwa kiwango cha duka, muuzaji angepata shilingi 45,454. Kwa kiwango cha simu anapata 43,859. Pengo ni shilingi 1,595, sawa na faranga 17,545 kwa bei ya duka, karibu mara sita ya ada iliyotangazwa. Bado hajakatwa ya kutoa.

Juu ya hapo kuna serikali. Uganda iliweka kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya simu Julai 2018, ikabanwa na wananchi, ikaipunguza hadi asilimia 0.5 kwa kutoa fedha pekee Novemba mwaka huo. Tanzania iliweka tozo Julai 2021, hadi shilingi 10,000 kwa muamala, kisha ikaipunguza kwa hatua katika miaka iliyofuata. Kenya ilipandisha ushuru kwenye ada za kutuma kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15 Julai 2023. Miezi hiyo inafanana kwa sababu bajeti za nchi hizi huanza Julai, na mtu mwenye mkataba wa kulipa kwa simu mwaka mzima afadhali auangalie upya kila mwezi wa Juni.

Kuna kikomo pia. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa kinachotolewa pale pale mpakani. Kwa viwango vya miaka ya karibuni dola 2,000 ni kati ya faranga milioni 2.5 na 3. Hata kikomo kilichopandishwa mwaka 2020, cha milioni 1.5 kwa mteja wa kawaida, kingelipia karibu nusu tu ya mzigo mmoja. Watu huzigawa fedha katika siku mbili, au huomba laini ya ndugu. Njia ya pili ni ya hatari: jina la aliyelipa halifanani na jina lililo kwenye ankara, na kukitokea ubishi muuzaji ana haki ya kusema hajalipwa na wewe.

Na simu haiwezi kufungua mpaka uliofungwa. Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ilifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena 31 Januari 2022. Mwenye deni Kampala aliweza kulipwa kwa simu, lakini bidhaa ilizunguka au haikuja. Huko Goma, mabenki yalipofungwa baada ya mapigano ya Januari 2025, fedha za simu ndizo zilizobaki, lakini noti za kuzitoa zilikuwa chache na makato yakapanda, hata watu wakavuka kwenda Gisenyi kutafuta fedha taslimu.

Namna ya kujaribu

Wafanyabiashara wazoefu wa barabara hizi wana desturi kabla ya kuamini njia mpya. Hutuma kiasi kidogo, tuseme cha thamani ya gunia moja, katikati ya wiki. Humpigia mpokeaji na kumuuliza amepata ngapi mkononi baada ya kutoa, si ngapi zimeandikwa kwenye ujumbe. Hugawanya kiasi walichotuma, ada ikiwemo, kwa kiasi kilichofika mkononi, na hicho ndicho kiwango chao halisi. Wanakilinganisha na cha duka la kubadilisha fedha na cha benki. Kisha hurudia jaribio Ijumaa jioni, wakati mtandao umeelemewa na wakala ameishiwa noti, kwa sababu mizigo mingi haisubiri Jumatano.

Swali jingine huulizwa kabla ya kutuma kiasi kikubwa: fedha zikienda namba isiyo sahihi nje ya nchi, nani anazirudisha, na kwa siku ngapi? Ndani ya Rwanda mteja anaweza kufika dirishani kwa mtoa huduma na kitambulisho chake. Zikishavuka, kuna makampuni mawili na wadhibiti wawili, na kila mmoja ana namba yake ya kupigia. Asiyepata jibu lililonyooka kwa wakala atume kidogo kidogo.

Ujumbe mfupi unanakiliwa kwenye daftari la karatasi siku hiyo hiyo, pamoja na namba ya muamala, kwa kuwa simu huibiwa na laini hufungiwa. Madereva wanaoshuka kuelekea Rusumo huongeza jambo moja. Kabla ya kutoka Kigali hutoa kwa wakala fedha za kutosha mafuta na usiku mmoja wa kulala upande wa Tanzania, na kuzibadilisha kuwa shilingi.